Mafunzo kwanza, mkopo baadae: mwongozo kwa mwanamke anayeanza biashara yake

Hii nawaandikia wadada na wamama wa Tanzania bara, Zanzibar nitaigusa mwishoni, ambao tayari wanauza kidogokidogo nyumbani au wana wazo kichwani, sabuni ya maji, batiki, siagi ya karanga, chakula cha mchana, mtumba, alafu kila siku wanasikia kuna mafunzo ya wanawake, kuna hela za wanawake halmashauri, kuna program ya benki fulani, ila hawajui waanzie wapi na wamuulize nani. Msaada upo na mwingi hauna gharama kabisa. Shida naiona sehemu moja, wengi wanaanza na mkopo. Mtu hajajua bidhaa yake inamgharimu shilingi ngapi, hajajua nani atanunua, ila ameshajiunga na wenzie watano wamechukua hela, wiki inayofuata marejesho yanaanza. Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga kinyume na mazoea, hela ipo mwisho kabisa, na naomba uusome hivyohivyo usiruke.

Kabla hujatafuta mafunzo, jua unakosa nini

Mafunzo yako ya aina nyingi na hayafanani. Kuna ya ujuzi wa mikono, yani jinsi ya kutengeneza kitu. Kuna ya uendeshaji wa biashara, bei, hesabu, wateja. Kuna ya kuunganishwa na soko. Mama anayepika vizuri mpaka foleni inajipanga hana haja ya kwenda kufundishwa kupika, anahitaji hesabu, na dada aliyesoma uhasibu chuo akitaka kutengeneza sabuni anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye vipimo. Unakuta mtu ana vyeti vinne vya semina za ujasiriamali na zote zilimfundisha kitu kilekile.

Sasa utajuaje unachokosa? Daftari. Nunua daftari la kawaida, kwa mwezi mmoja andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, mpaka nauli, mpaka bando ulilotumia kupost bidhaa status. Ngoja nikupigie mfano ili tuelewane, bei ni za kukadiria tu, wewe weka za kwako. Tuseme unatengeneza siagi ya karanga. Umenunua kilo 10 za karanga kwa 4,000 kila kilo, hiyo ni 40,000. Mashine ya kusaga 5,000, mkaa 3,000, chumvi sukari na mafuta 3,000, bodaboda 4,000. Ukishakaanga na kumenya unapata kama kilo 9, yani makopo 18 ya nusu kilo, makopo ni 500 kila moja hivyo 9,000, lebo 200 kila moja, 3,600. Jumla 67,600. Gawa kwa 18, kila kopo limekula kama 3,756. Unauza 4,500 kwasababu jirani nae anauza 4,500. Makopo yote yakiisha unapata 81,000, imebaki 13,400 na unajisikia vizuri. Ila hapo hujajilipa. Umefanya kazi siku mbili, ukijiwekea hata 5,000 kwa siku imebaki 3,400, na hujagusa kodi ya chumba, umeme, wala makopo mawili uliyomuonjesha shemeji.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uiweke mbele ya mkopo wa marejesho ya 30,000 kwa wiki. Hata ukizalisha mara mbili kwa wiki na usijilipe hata mia, una 26,800. Hutoshi. Na hujui kwamba hutoshi mpaka daftari likuambie, ndo maana mimi nasema mtu asiyekua na daftari asisaini mkopo wowote hata uwe hauna riba. Daftari hilohilo ndo litakuonyesha unachokosa, kama ni bei, kama ni malighafi unanunua rejareja wakati ungeweza kununua gunia na wenzio, au kama ni wateja tu hawatoshi.

Mafunzo yanapatikana wapi

SIDO ndo wa kwanza kwangu kwa mtu yoyote anayetengeneza kitu. Ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mikoani kote bara, na watu wengi wanapita nje ya geti lake kila siku wakidhani ni kwa ajili ya wenye viwanda vikubwa. Hapana. Wanafundisha usindikaji wa vyakula, sabuni, batiki, ngozi, ufungashaji, wanatengeneza na kuuza mashine ndogondogo, wana mikopo yao pia. Nenda ofisi ya mkoa, ulizia ratiba ya mafunzo ya miezi mitatu ijayo na ada yake, maana baadhi ya kozi zina mchango, na zingine zikidhaminiwa na mradi zinakua bure. Acha namba yako ya simu alafu rudi ukumbushe, usisubiri kupigiwa. Uhusiano na SIDO una faida ingine kubwa ambayo nitaifikia nikiongelea TBS, shirika la viwango.

VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wana kozi fupi, sio lazima uwe umemaliza form four au ukae miaka miwili. Ushonaji, upishi, saluni, umeme, hata udereva. Baadhi ya vyuo vina vipindi vya jioni, uliza. Kwa dada anayetaka kufungua saluni, wiki kadhaa VETA zina thamani kuliko mwaka mzima wa kufagia nywele kwa mtu anayekuficha vipimo vya dawa.

Alafu kuna majukwaa ya uwezeshaji wanawake kiuchumi. Haya yalianza kuundwa 2016 Samia Suluhu Hassan akiwa makamu wa rais, na yapo mpaka ngazi ya kata na mtaa. Jukwaa halikupi hela mkononi, ila ni sehemu ambayo taarifa zinapita, nafasi za mafunzo, maonesho, maafisa wa benki wakija, wanapitia huko. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako mwenyekiti wa jukwaa ni nani. Huyu afisa maendeleo mjue kwa jina na namba yake uwe nayo, kwenye habari yote hii hamna mtu atakayekufaa kama yeye, na kazi yake ni hiyo.

Ukishakua na biashara inayotembea kuna TWCC, chama cha wafanyabiashara wanawake kilichoanzishwa 2005. Hawa ni wazuri kwa maonesho, kwa mafunzo ya kuuza nje ya mpaka, na kwa kukutanisha wanawake wa sekta moja. Wanachama wanalipa ada, kwahiyo usikimbilie ukiwa bado unauza kopo tano kwa wiki. Na mabenki nayo yana program, CRDB kupitia taasisi yao walizindua Imbeju mwaka 2023 kwa ajili ya wanawake na vijana, unapita mafunzo kwanza ndo unafikiriwa mtaji, na mpangilio huo mimi naupenda. NMB wana huduma za wanawake kwa jina la Jasiri, na hatifungani yao ya Jasiri ya 2022, yani benki kukopa hela kwa watu na taasisi, ilikusanya zaidi ya bilioni 74 kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake. Nataja hiyo namba ili ujue hela za kukopesha wanawake zipo, kinachokosekana mara nyingi ni biashara yenye kumbukumbu inayoweza kukopesheka.

Usikubali mafunzo ya kukaa na kusikiliza tu

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu inayoniuma. Wanawake wanaacha genge siku tatu, wanapoteza mauzo, wanapanda daladala mbili, wanafika ukumbini wanaelezwa maana ya ujasiriamali, wanapewa soda, wanapiga picha na mgeni rasmi, wanarudi nyumbani na cheti. Biashara ipo palepale.

Na kuna ushahidi. Hapohapo Dar es Salaam watafiti walichukua wateja wa PRIDE, taasisi iliyokua inakopesha wafanyabiashara wadogo, wakawapa baadhi yao mafunzo ya biashara yaliyofundishwa na walimu wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vipindi 21 vya dakika 45. Wanaume biashara zao zilikua. Za wanawake hazikusogea sana, na sababu hazikua akili, wamama walielewa masomo vizuri tu, ila kuna vikwazo nje ya darasa, muda unaoliwa na kazi za nyumbani, na maamuzi ambayo sio yake peke yake. Upande mwingine kuna utafiti wa Lomé kule Togo uliotoka 2017, wafanyabiashara wadogo 1,500, wengine wakapewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko, wengine wakafundishwa kujiongeza, yani kutafuta fursa kabla ya wenzako, kujiwekea malengo, kupanga utafanyaje mambo yakikwama, kufanya kitu tofauti na jirani. Hawa wa pili faida yao ilipanda kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa chochote, na wa mafunzo ya kawaida ongezeko lao lilikua dogo kiasi kwamba huwezi kusema kwa uhakika limetokana na mafunzo.

Kwahiyo kabla hujajiandikisha muulize anayekusajili maswali machache bila aibu. Nitatoka hapo nikiwa nimefanya nini kwa mikono yangu? Kuna mtu atakuja kunitembelea kwenye biashara baada ya mafunzo au ndo mwisho wa kuonana? Mwalimu mwenyewe ameshawahi kuuza kitu? Saa ngapi yanaanza na kuisha, maana mafunzo ya saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni kwa mama lishe ni kumfungia biashara. Naweza kuja na mtoto anayenyonya? Mafunzo yanayojibu vizuri maswali ya ufuatiliaji na muda, hayo nenda hata kama hayana posho. Yasiyojibu, bora ubaki na daftari lako.

Ukishaingia darasani ingia na biashara yako, sio na kichwa kitupu. Beba daftari, beba bidhaa moja, ukifundishwa bei muulize mwalimu mbele ya wote hii yangu niuze ngapi, ukifundishwa wateja andika majina matatu ya watu utakaowafuata wiki hiyohiyo. Alafu chukua namba za wenzako wawili mnaofanana biashara, mkutane kila baada ya wiki mbili mkaguane madaftari. Hao wawili watakusaidia kuliko cheti, kwasababu mkufunzi akishaondoka hamna tena wa kukuuliza umefanya nini.

Na angalia matapeli. Mtandaoni kuna matangazo yanayotumia picha za viongozi na majina ya benki, tuma 15,000 ya fomu upate mkopo wa wanawake ndani ya dakika 10. Malipo ya serikali yanakua na control number, yani namba maalum ya malipo, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa utume kwa jina la mtu binafsi, acha.

Kikundi

Karibu njia zote za msaada wa wanawake zinapitia kikundi, kwahiyo kichague kwa makini kama unavyochagua mtu wa kuishi nae. Kama uko kwenye mchezo wa kupeana hela au kikoba tayari umeshaanza vizuri, maana kikoba kinakufundisha nidhamu ya kuweka kila wiki na unawaona watu tabia zao kwenye hela, nani analeta, nani kila siku ana msiba. Chukua wale wanaoleta.

Kikundi kiwe na katiba hata kama ni kurasa tatu, viongozi, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kisajiliwe halmashauri kupitia afisa maendeleo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya kuweka na kukopeshana navyo vinatambuliwa, viko daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, vinatakiwa kusajiliwa, sio tena mambo ya kienyeji. Na mkubaliane kabisa kwa maandishi itakuaje mmoja asiporejesha, akihama, akifariki. Kuongelea hayo mapema kunaudhi ila kuna vikundi vya ndugu na majirani vimevunjika mpaka hawasalimiani kwasababu hamna aliyetaka kuanzisha hayo maongezi.

Makaratasi, kwa kifupi

Kitambulisho cha NIDA kiwe chako na majina yafanane kila sehemu, herufi moja ikipishana utazunguka miezi. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure TRA. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, kama hujui kompyuta nenda na mtoto wa dada yako ila akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Leseni ya biashara ni halmashauri, siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI.

Kodi inawatisha wengi mpaka wanajificha. Kwa kodi ya makadirio, yani ile ya wafanyabiashara wadogo inayopigwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ukivuka, mwenye kumbukumbu analipa kidogo kuliko asiye nazo. Mfano mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, kwa viwango vilivyowekwa mtu mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yani 30,000, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Daftari limeshakulipa 70,000.

Kama unauza chakula cha kufungasha, ujue tangu 2019 masuala ya chakula yalihamishwa kutoka iliyokua TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, kwahiyo kusajili sehemu ya kuzalishia na alama ya ubora vyote ni TBS. Wengi wanaogopa gharama. Sasa ile faida ya SIDO niliyoisema ndo hii, mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho ya SIDO anaanza kuhudumiwa na TBS bila kulipia alama ya ubora, serikali inabeba gharama za mwanzo. Ila bado watakuja kukagua unapotengenezea, chumba kiwe na ukuta unaosafishika, wavu dirishani, sehemu ya kunawa, na wewe uwe umepima afya. Bila alama hiyo supamaketi hawakupokei, na msimbo wa pau unaoanza na 620 pekee hautoshi, huo unasema tu namba imetolewa Tanzania.

Jambo moja la sheria ambalo wamama wengi hawaambiwi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kumiliki mali yake mwenyewe, kifungu cha 56, na nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kifungu cha 59. Biashara uisajili kwa jina lako, na laini ya kupokelea malipo iwe kwa jina lako. Ongea na mzee nyumbani vizuri, mshirikishe, akikuunga mkono ni baraka kubwa, ila jina liwe lako.

Sasa tuje kwenye hela

Mpangilio wangu ni huu, kwanza faida yako mwenyewe, pili kikoba, tatu halmashauri, nne benki. Mkopo wa mtaani haumo kabisa kwenye mpangilio.

Halmashauri zote kwa sheria zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Hii iliwekwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018. April 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na hela nyingi zisizorudi, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 na utaratibu mpya, kuna halmashauri chache za majaribio zinazopitishia benki na zingine zinaendelea zenyewe kwa usimamizi mkali zaidi. Kwahiyo ukiona wanakuhoji sana wanakuja mpaka kwako kupiga picha karai na jiko, usikasirike, wanatafuta kujua kama upo kweli.

Kikundi cha wanawake kinaanzia watu watano. Mnaanza kwa afisa maendeleo wa kata, anawaelekeza kwenye maombi ambayo sasa yanaingizwa kwenye mfumo, mnaambatanisha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa, taarifa za akaunti, andiko la biashara. Hilo andiko ndo linawaua wengi, wanamlipa kijana wa steshenari anawatolea la ufugaji wa kuku lilelile alilowapa watu wa mtaa mzima. Msifanye hivyo. Andikeni wenyewe kwa Kiswahili, mnatengeneza nini, mnauza kwa nani, mwezi uliopita mmeuza kiasi gani, mkiongezewa kiasi fulani mtanunua kitu gani na kitaongeza makopo mangapi, mtarejesha kutoka kwenye nini. Namba zitoke kwenye madaftari yenu. Kamati inayopitia maombi ikiuliza swali kila mmoja aweze kujibu, sio mwenyekiti tu.

Ombeni kiasi mnachokihitaji kweli. Kikundi kinachotaka mashine ya kusagia karanga kiombe bei ya mashine na malighafi ya mwezi mmoja. Kuomba milioni 10 ili mgawane milioni mbilimbili kila mtu aende na yake, huo ndo mwanzo wa matatizo, mmoja atajenga choo, mwingine atalipa ada ya shule, na deni ni la wote.

Benki ukienda wataangalia mzunguko wa hela. Ndo maana nashauri mapema ufungue lipa namba, wateja walipe hapo, na uwe unaweka mauzo kwenye akaunti hata elfu ishirini ishirini. Baada ya miezi sita una karatasi inayoongea kwa niaba yako.

Kausha damu sasa, yani ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Kila mtu anaijua, wanakuja mpaka mlangoni, kitambulisho tu na picha ya friji. Unapokea 200,000 unarudisha 260,000 ndani ya mwezi mmoja, ukichelewa siku inaongezeka faini, wanakuja kubeba tivi watoto wakiangalia. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, na ile siagi ya karanga tuliyopiga hesabu juu haiwezi kubeba kitu kama hicho, hata biashara kubwa haiwezi. Mtu au kampuni inayofanya biashara ya kukopesha inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu, na BoT wana orodha yao unaweza kuangalia. Novemba 2024 walitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zinazofanya kazi bila kibali. Kama tayari uko ndani ya kausha damu, usichukue nyingine kulipa hii. Waeleze wanakikoba wenzako ukweli, omba kikoba kikukopeshe ulipe lote kwa mara moja, ubaki na deni moja kwa watu wanaokufahamu.

Soko, na wale wa Zanzibar

Ukishapata alama ya ubora na kumbukumbu zako zimekaa sawa kuna mlango ambao wanawake wengi hawaugusi, zabuni za serikali. Sheria ya manunuzi inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, wanawake wakiwemo. Shule zinanunua unga, hospitali zinashonesha mashuka, ofisi zinahitaji chakula cha vikao na usafi. Kikundi kinasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, muombeni afisa maendeleo na watu wa kitengo cha manunuzi halmashauri wawaelekeze. Ila mjiulize kabla, mnaweza kukaa bila hela mkisubiri kulipwa? Anzeni na oda ndogo.

Maonesho kama Sabasaba pale Barabara ya Kilwa na Nane Nane mikoani, nafasi nyingi za wajasiriamali wadogo zinapitia SIDO, TWCC na halmashauri, ulizia miezi minne kabla. Nenda na kadi zenye namba yako na daftari la kuandika namba za wanunuzi wa jumla, alafu wapigie wiki inayofuata kabla hawajakusahau.

Kwa Zanzibar ofisi ni tofauti, msije mkapoteza nauli. Usajili wa biashara ni BPRA, viwango ni ZBS, na uwezeshaji wa mikopo na mafunzo uko chini ya ZEEA, wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi, nendeni huko mkaulize kwanza. Wamama wa mwani wa Paje, Jambiani na kwingineko, mkiuza mwani mkavu kwa kilo bei anapanga mnunuzi, kwahiyo mafunzo ya kwanza ya kuulizia kwenu ni ya kusindika, sabuni na mafuta ya mwani, na mkiyapata mpigieni hesabu mche mmoja wa sabuni kama nilivyolipigia kopo la siagi, pamoja na siku mlizokaa majini.